Jibu Lililoondoka na Mtamba

Shule niliishia darasa la pili, na hilo la pili lenyewe sikulimaliza, maana mwalimu alihamishiwa kwingine na mimi nikahamishiwa kwenye ng'ombe. Kwa hiyo mtu asitegemee nimweleze mambo ya roho na mwili kama wanavyoeleza waliosoma. Nitaeleza yalivyonipata. Yalinipata nikiwa mzee tayari, meno ya mbele yamekwisha kuaga, na yalianzia kwenye magoti ya mke wangu.

Magoti hayo yalianza kulia msimu wa kupalilia. Nasema kulia kwa sababu nilikuwa nayasikia kabisa, akiinama kusonga ugali yanalia, akiinuka yanalia. Jioni moja akayanyoosha karibu na moto, akayasugua kwa mafuta ya ng'ombe, akaniambia bila kunitazama:

"Pasaka hii nataka nifike altareni kwa miguu yangu. Ijayo sijui kama nitafika au nitabebwa."

Hapo lazima nirudi nyuma kidogo, nisipofanya hivyo mtu ataona ni maneno ya kawaida tu. Mke wangu alibatizwa na kupokea komunyo akiwa msichana, kisha nikamwoa. Nilimwoa kwa ng'ombe, kama anavyooa mtu yeyote huku kwetu Tarime, na walikuwa ng'ombe wazuri, ukoo wa mke wangu unawasifia mpaka leo. Lakini mimi sikuwa nimebatizwa, ndoa haikubarikiwa kanisani, na tangu hapo kila misa watu wakipanga mstari kwenda kupokea, yeye hubaki kwenye benchi anawashikia wenzake watoto. Alishika watoto wa watu mpaka watoto wale wakazaa, akashika na wa kwao.

Hakuwahi kunisukuma, na mimi sikuwahi kukataa. Jumapili ng'ombe nao wanataka majani, hawajui kama ni Jumapili. Hivyo ndivyo miaka inavyokwenda.

Tena nisieleweke kwamba sikumjua Mungu. Nilimjua. Baba yangu kila asubuhi alitoka nje, akageukia jua linakochomoza, akatema mate kidogo kama tunavyofanya tukibariki, akasema: utuangalie, sisi na watoto na ng'ombe, na wale wanaotuchukia uwape usingizi mrefu ili wasituamkie. Hilo la mwisho nilidhani ni utani mpaka nilipokua na kuona wezi wa mifugo. Mimi pia nikaendelea hivyo hivyo, mate kidogo, maneno machache, halafu nafungua zizi. Huo ndio uliokuwa ukristo wangu kabla ya ukristo.

Basi nikaenda kwa katekista. Katekista wetu ni kijana wa hapa hapa, na baba yake tulitahiriwa rika moja, kwa hiyo kwa mila zetu mimi ni baba yake pia, ananiita tata. Sasa kumfundisha baba yako ni kazi ngumu. Wanafunzi wengine, wale vijana wanaotaka kuoa, wakikosea aliwafokea. Mimi nikikosea alikuwa anakohoa, anatazama paa la mabati la kigango, lile kanisa letu dogo, anasema, "Tata, naomba urudie kidogo." Nilirudia. Nilikosea vile vile. Anakohoa tena. Mwisho wa kipindi mtu angedhani ana kifua.

Na nilimchosha kwa maswali. Siku alipotufundisha kwamba mtu ana mwili na roho, nilimwuliza: juzi niliota ninakimbizana na fisi bonde zima, na asubuhi niliamka mapaja yananiuma, je, aliyekimbia ni roho au ni mwili? Kama ni roho, mapaja yanauma ya nini? Kama ni mwili, mbona mke wangu anashuhudia nilikuwa nimelala, tena nakoroma? Vijana walicheka sana. Katekista alifikiri, haki nisimnyime, alifikiri kweli. Kisha akasema, "Tata, hilo halimo kwenye maswali ya padri."

Maswali ya padri ndiyo yaliyokuwa shida. Padri huyo alikuwa mgeni kwetu, alikuja kigangoni mara chache, na katekista alituonya kwamba hana mzaha: atatuita mmoja mmoja wiki moja kabla ya Pasaka, na atakayeshindwa kujibu atasubiri mwaka mwingine. Wale vijana mwaka mwingine kwao ni kitu gani? Mimi niliwaza magoti.

Na kichwa changu hakishiki maneno. Sijui wengine vichwa vyao vikoje. Changu ukikipa maneno matupu ni kama kumwaga maziwa kwenye kibuyu chenye ufa, unageuka kidogo, unakuta chini pamelowa. Lakini ng'ombe sisahau. Niulize ng'ombe niliyemuuza kabla kijana wangu wa mwisho hajazaliwa, nitakwambia rangi yake, mama yake, pembe ipi ilipinda na alikuwa anaogopa nini. Basi nikasema, kama hawa wanakaa kichwani bila kumwagika, si wanibebee na mizigo mingine?

Nikafanya hivi. Ng'ombe hawatoki zizini ovyo kama watu wanavyoshuka kwenye gari. Wana mpangilio wao, kila asubuhi ule ule, na ukijaribu kuubadilisha utapigwa teke. Kwa hiyo nilichukua swali la kwanza, la nani aliyeumba mbingu na nchi, nikamkabidhi ng'ombe mkongwe mwenye pembe iliyovunjika, kwa sababu ndiye anayetangulia na wote wametoka kwake. Dhambi nikampa yule mwekundu anayepiga teke mkamuaji. Toharani nikampa mgumba, maana yeye siku zote anasubiri tu. Na swali la roho nikampa mtamba mmoja mweusi, jike ambaye hajazaa bado, mwenye alama nyeupe kwenye paji la uso. Huyo mtamba alikuwa na tabia yake. Akitoka zizini hakimbilii majani, anasimama pembeni anatazama mahali ambapo hapana kitu. Nilimwona anafaa. Nyuma yake alikuja dume mnene, huyo nikampa mfungo.

Kila asubuhi wakitoka, mimi nasimama mlangoni nasema jibu la kila mmoja anapopita. Nikawa sikosei. Wake wa majirani wakienda kisimani walimwuliza mke wangu kama nimeanza kuwahubiria mifugo. Akawajibu kwamba angalau hawa hawasinzii.

Katekista alishangaa. Aliacha kukohoa kabisa. Sikumwambia siri, nilimwacha aamini ni neema.

Sasa, kijana wangu wa mwisho alikuwa amepata mchumba huko Busawe, wilaya ya Serengeti, msichana mzuri mwenye mikono ya kazi. Wakwe walikuja kuchagua ng'ombe wa mahari. Huku kwetu mkwe hapelekewi tu, anakuja na wazee wake, wanaingia zizini, wanapapasa, wanatazama meno, wanabishana, na wewe unajifanya unaumia kwa kila mmoja wanayemgusa. Nilijifanya naumia vizuri sana. Baba wa msichana, mzee mrefu wa makamo yangu, alinyoosha fimbo kwa yule mtamba mweusi. Nikaguna kwa desturi, nikakubali kwa desturi, tukanywa, wakaondoka nao. Hata sikukumbuka alibeba nini.

Wiki ile nilikuwa na shughuli za harusi, sikufanya mazoezi. Harusi ilipopita, bibi arusi akiwa kwetu tayari, mke wangu akanikalisha nje tukimenya ndizi, akaanza kuniuliza maswali. Nilikwenda vizuri. Niliona ng'ombe wote wanapita mbele yangu: pembe iliyovunjika, mwekundu, mgumba. Akauliza, "Roho ya mtu ni nini?"

Nikajibu bila kusita, "Roho ni kuacha kula nyama siku ya Ijumaa."

Kisu kilimtoka mkononi. Alicheka mpaka akashika magoti, na mkwewe mpya, yule binti wa Busawe, akaingia ndani kwa heshima ili acheke huko. Mimi sikucheka. Nilielewa palepale kilichotokea. Mtamba hayupo, dume amesogea mbele, amesimama pale pengo lilipokuwa. Jibu la roho limetolewa mahari.

Mtu atasema, si mkeo akukumbushe tu? Alinikumbusha. Alinikumbusha asubuhi, mchana, na wakati wa kula. Liliingia likatoka, kwa sababu halikuwa na pa kukaa. Ng'ombe wengine wote walikuwa na mizigo yao. Nilijaribu kumbebesha yule mwekundu majibu mawili, yakagombana, nikawa nasema dhambi haionekani wala haizeeki. Nilijaribu mbuzi. Mbuzi hafai kwa kazi hii, hatulii, jibu linarukaruka naye. Kijana wangu akasema nirekodi kwenye simu yake. Nikamwambia simu itajua lakini mimi sitajua, na padri hatabatiza simu.

Padri alikuwa karibu kufika. Mke wangu nilimwona siku moja amesimama kwenye ukuta wa nyumba, anatembea hatua kidogo bila kushika, anageuka, anarudi. Alikuwa anafanya mazoezi ya kwenda altareni. Kila mmoja wetu na mazoezi yake, na mimi ndiye niliyekuwa nimekwama.

Asubuhi yake nilivaa koti, nikachukua fimbo, nikasema naenda Busawe kumwona ng'ombe.

Mwendesha boda aliyenibeba si mtu wa huku. Alitoka mbali, upande wa Usukumani, alikuja Nyamongo kutafuta dhahabu, akachimba miaka, akachoka, akanunua pikipiki. Alikuwa msemaji, na mimi nikipata msemaji mwenzangu njia inakuwa fupi. Nilimsimulia taabu yangu yote nikiwa nimemshika kiuno. Alicheka, lakini tulipofika Nyamongo tukasimama kunywa chai akawa mtulivu kidogo. Aliniambia kwamba chini kwenye duara, lile shimo wanaloingia wachimbaji, siku moja taa yake ilizimika akiwa peke yake. Giza la kule si la usiku wa huku juu, usiku wa huku una nyota. Kule aliinua mkono usoni, hakuuona. Akashika mguu, ulikuwa umekufa ganzi kwa kukaa vibaya, akawa kama ameshika mguu wa mtu mwingine. Akaniambia, "Mzee, pale sikuwa na mkono wala mguu, lakini nilikuwepo. Na huyo aliyekuwepo ndiye aliyeanza kuomba, mimi mwenyewe nilikuwa bado nashangaa."

Nikamwuliza, huyo aliyeomba ndiye aliyechimba dhahabu? Akafikiri, akasema hapana, aliyechimba ni yule mwenye mkono, maana ndiye aliyeumwa mgongo. Nikasema sasa mgongo ulipouma, yule mwingine hakujua? Akasema alijua, tena ndiye aliyelalamika. Tukaona tumerudi tulikoanzia, tukalipa chai. Mimi nilifurahi kwamba hata shimoni mambo haya hayajafumbuliwa.

Tukavuka mto Mara darajani, tukaingia Serengeti, mashamba ya mtama pande zote. Na hapo ndipo nilipofanya kosa. Nilikuwa na haraka ya jibu, nikasahau adabu. Badala ya kupita nyumbani kwa mkwe, kukaa, kuulizwa habari za mvua na za watoto, nilimwambia mwendesha boda asimame pale nilipoona zizi, nikashuka nikaenda moja kwa moja kuchungulia ng'ombe.

Mwenye kujua mila zetu ameshashika kichwa. Baba wa bwana arusi akionekana anakagua ng'ombe aliokwisha kuwatoa, maana yake ni moja tu: msichana ana kasoro, ndoa inavunjika, amekuja kuhakikisha mahari yake bado ipo. Mama wa msichana aliniona kutoka jikoni. Sikusikia salamu, nilisikia sufuria imeanguka. Kufumba na kufumbua simu ilikuwa sikioni, anampigia binti yake kwetu, anamwuliza kama amepigwa, kama amefukuzwa, kama ameunguza chakula cha watu. Binti anasema hapana mama, nasonga ugali. Mama anasema usinifiche.

Mkwe mwenyewe akatoka, mrefu, amenyooka kama nguzo. Tukasalimiana. Hakunikaribisha kiti.

"Mkwe," akasema, "umekuja kuhesabu?"

"Sikuja kuhesabu. Ng'ombe ni wako. Kuna neno nililiacha kwa yule mtamba mweusi, nimelifuata."

Nilipoona uso wake nikajua nimepotoka zaidi. Mzee huyo hajabatizwa, anafuata mambo ya wazee wetu, na kwa wazee wetu mtu akiacha neno kwenye ng'ombe halafu akakupa ng'ombe yule, hajakupa mahari, amekutegea laana. Akarudi nyuma hatua. Majirani wawili waliokuwa wanapita hawakupita tena. Mwendesha boda, maskini, aliwasha pikipiki akaiacha inanguruma.

"Ng'ombe wangu amebeba neno gani?" mkwe akauliza, polepole.

Ikabidi nieleze kila kitu, pale pale nimesimama juani. Niliwaeleza magoti, benchi la kanisani, watoto wa watu, padri asiye na mzaha, ng'ombe wanaotoka kwa mpangilio, na roho iliyogeuka kuwa Ijumaa. Nilipofika kwenye Ijumaa yule mama akaondoa simu sikioni. Mkwe alijizuia, ni mtu wa heshima, lakini nilimwona bega linatikisika.

"Kwa hiyo neno lenyewe si baya."

"Ni la kanisani."

"Mtamba ana mimba," akasema. "Ndama akizaliwa, naye atakuwa na jibu?"

Nikamwambia ndama hana deni, ni wake bila swali lolote. Hapo akacheka kwa sauti, na kiti kikaletwa.

Alinipeleka malishoni mwenyewe. Njiani aliniuliza kwa nini Mungu wa padri anataka majibu. Hakuniuliza kwa dhihaka, alitaka kujua. Akasema sisi Mungu hatukuwahi kumsomea, tunamwamkia asubuhi basi. Nikamwambia hata mimi namwamkia bado, na sioni kama padri amenikataza. Ila mtu unayemwamkia kila siku, siku moja mtu mwingine akikuuliza ni nani yule unayemwamkia, si vizuri ukabaki umeachama mdomo. Akasema hilo ni kweli.

Ng'ombe wake walikuwa wengi, wameinamia majani. Sikumwona wangu. Nikapiga mluzi, ule ninaowaitia wangu asubuhi, wa kupanda na kushuka, ambao baba yangu alikuwa akiupiga. Wote waliendelea kula. Mmoja akainua kichwa, upande wa mbali, akasimama akitazama mahali ambapo hapana kitu. Halafu akaanza kuja. Hakukimbia, alikuja tu kama mtu anayeitwa kula.

Nilifikiri jambo moja wakati anakuja, na mpaka leo nalifikiri. Huyu mnyama hawezi kujibu swali hata moja kunihusu. Mwulize mimi ni nani, natoka wapi, nina umri gani. Lakini ananijua. Masikio yananijua, pua inanijua, miguu inajua pa kuja. Ningemwambia mtu kwamba mtamba huyu hanijui kwa sababu hana majibu, angenicheka. Na hata hivyo nilikuwa nimepanda boda kutoka Tarime kwa sababu ya jibu. Vyote viwili vilikuwa kweli, na mimi niko katikati, mkono kwenye paji lake la uso, penye alama nyeupe, pana joto.

Na jibu likaja. Lilikuja lote, na vituo vyake, nikalisema kwa sauti:

"Roho ni pumzi aliyotupa Mungu. Haionekani, haizeeki wala haifi. Ndiyo inayomjua na kumpenda, na mwili ni mwenzake wa safari."

Mkwe alisubiri kama kuna mengine.

"Ndiyo hayo tu?"

"Ndiyo hayo."

"Nilidhani ni marefu," akasema.

Hatukuruhusiwa kuondoka bila kula. Alichinja mbuzi, tukala nyama choma na kichuri, ule mchuzi mchungu wa utumbo ambao mgeni akiuonja uso unajikunja. Mwendesha boda aliukunja wake, akaomba tena. Njiani kurudi alijitolea kunisaidia. Kila tulipopita tuta alipaza sauti, "Haionekani!" na mimi nyuma naitikia, "Haizeeki!" Watu barabarani walidhani tunatoka kwenye mkutano wa injili. Tulipofika Nyamongo, kwenye zile kelele za pikipiki na magari, tulikuwa tumebakiwa na nusu. Nilipofika nyumbani nilikuwa na pumzi na safari, katikati patupu.

Mke wangu alinisikiliza. Alinijazia yale ya katikati, akaninawisha mikono, kisha akasema:

"Sasa hilo jibu liweke kwangu. Mimi sitolewi mahari tena."

Sijui kwa nini sikuwa nimelifikiria. Nilimtazama nitaliweka wapi. Nikaliweka kwenye magoti, kwa kuwa ndiko mambo yote yalikoanzia, na kwa kuwa yanalia, hayawezi kupita bila mimi kujua.

Siku ya padri ilifika. Tulikaa nje ya kigango, vijana wanatetemeka, mimi nimetulia, mke wangu kando yangu, jibu langu limekaa pale limefunikwa kanga. Katekista akatoka, akaniita. Nikainuka, mke wangu akainuka. Katekista akakohoa.

"Tata, anaingia mmoja mmoja."

Niliingia peke yangu. Padri alikuwa kijana kuliko nilivyomdhania, Kiswahili chake kimepigwa pasi. Alinisalimia shikamoo, akaniketisha, akaanza. Pembe iliyovunjika ikapita. Mwekundu akapita. Mgumba akapita, akasubiri kidogo, akapita. Kisha akauliza la roho.

Nikatazama ukuta. Nilimwona dume anakuja na Ijumaa yake, nikamzuia. Katekista aliyesimama pembeni alianza kukohoa kikohozi cha kweli.

"Mzee, hulijui?" padri akauliza.

"Nalijua, baba. Liko nje."

"Nje wapi?"

"Limekaa kwenye kivuli, limevaa kanga ya kijani."

Padri akamtazama katekista, katekista akatazama mabati. Ikabidi nieleze tena, kwa mara ya pili mwezi ule, na safari hii niliogopa zaidi kuliko Busawe, maana kule ningepoteza mkwe tu. Padri hakucheka upesi. Alisikiliza mpaka kwenye Ijumaa, hapo akafunika mdomo kwa mkono, akajifuta macho.

"Na lile la kwanza," akasema, "la Mungu. Lile uliliweka kwa ng'ombe gani?"

"Kwa yule mkongwe. Maneno yake tu lakini. Mwenyewe sikumweka kwa ng'ombe."

"Ulimweka wapi?"

"Sikumweka, baba. Nilimkuta."

Sikujua kama nimejikaanga. Halafu akamwambia katekista, "Mlete huyo mama."

Mke wangu aliingia akiwa na hofu, akauliza mlangoni, "Amekosea?" Alishika ukingo wa benchi, akakaa kwa shida, na magoti yakalia, moja kisha la pili.

Nikasema lile jibu lote, bila kuruka neno. Nilipofika kwenye mwenzake wa safari niliona padri anayatazama magoti, hakunitazama mimi.

"Mmefaulu," akasema. Katekista alipumua kama amepandisha gunia.

Pasaka tulibarikiwa ndoa, mimi nikiwa na maji ya ubatizo bado shingoni. Mkwe wa Busawe alikuja na wazee wake, wakakaa benchi la nyuma kabisa karibu na mlango, akaniletea habari kwamba mtamba amezaa jike, jeusi, na alama nyeupe. Wakati wa kupokea ulipofika, mama mmoja kwa mazoea akamnyooshea mke wangu mtoto amshikie. Mke wangu akamwambia, "Leo mshike mwenyewe." Akainuka. Kijana wetu akataka kumpa mkono, akausukuma.

Akatangulia, mimi nyuma yake. Alichechemea njia nzima ile ya katikati ya mabenchi, polepole, bila kushika kitu, na kwenye ukimya ule nilisikia magoti yote mawili. Nilikuwa nalifuata jibu langu linatembea.

Tuliporudi benchini aliinamisha kichwa muda mrefu. Mimi sikujua mtu anatakiwa akae vipi baada ya kupokea, nikavumilia, mwishowe nikamnong'oneza sikioni kwamba komunyo haina chumvi.

Akanipiga kiwiko cha mbavu, kichwa bado kimeinama, na nikaona mabega yake yanatikisika kwa kucheka.